Kondoo Waliosimama

Daktari Wanza aliagiza chai ya maziwa ya ngamia, akainusa kwanza kama alivyozoea, akatia sukari vijiko vitatu, na ndipo aliponiuliza. Hakuuliza kwa ukali. "Nimo, wale kondoo wetu wa mwaka ule. Wenzetu wameijaribu dawa ile ile mahali pengine, mara mbili. Kondoo wao walilala chini wakafa. Wetu walisimama. Kuna kitu ulikifanya ambacho hatukukiandika?" Nilikuwa nakoroga unga wa anjera, chapati zetu za maji. Nikasema ngoja nikuletee maji, nikaenda nyuma ya kibanda, nikasimama kando ya pipa na kunawa uso mara tatu kama mtu anayetawadha. Kibanda changu kiko karibu na soko la mifugo hapa Garissa. Wateja wangu ni madalali na madereva wa malori ya maji yanayokwenda Dadaab, watu ambao swali lao kubwa ni "Walaal, chai iko wapi?" Hilo huwa nina jibu lake. Hili la Daktari nilikuwa na jibu lake pia, nimekaa nalo miaka tisa, na kila Ijumaa nilikuwa namshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeniuliza.

Mwaka ule nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimeachia shule kidato cha pili, na kichwa changu kimejaa ndoto kama gunia la mkaa lililoshindiliwa hadi likafungwa kwa nyasi juu. Nilikuwa nacheka ovyo. Nilikuwa nikiona gari lenye maandishi ubavuni naamini limekuja kunichukua mimi. Basi siku moja likaja kweli. Mradi wa utafiti ulikodi kiwanja chenye ua nje ya mji, upande wa mtoni, na Daktari Wanza, mwanamke wa Ukambani aliyeletwa huku na kazi, alikuwa anatafuta mtu wa kuwatunza kondoo. Aliyenipeleka kwake ni Abti Bare, kaka ya mama yangu. Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, yeye ananiita abti na mimi namwita abti, na nadhani hiyo ndiyo sababu sikuwahi kumwogopa kama watu wazima wengine. Alikuwa dalali wa mifugo, mrefu, mguu mmoja mzito, ana ugonjwa wa sukari na hataki kuambiwa kuhusu sukari. Yeye ndiye aliyewachagua wale kondoo, na mimi nilikuwa pembeni nikimshikia kamba.

Daktari alitaka kondoo kumi na wawili walio sawa, wa umri mmoja, wazima. Abti alifungua midomo yao mmoja mmoja. Walikuwa kondoo wetu wa kawaida, weupe wenye vichwa vyeusi kama wamevaa barakoa. "Daktari, hii nzuri sana, meno bado ya maziwa," alisema kwa Kiswahili chake. "Hii ingine toa. Mguu yake iko na shida. Na hii mzee, hii nafaa kwa bilau tu." Daktari alicheka, akasema, "Mzee Bare, wewe unafaa kuwa profesa." Tulipokuwa tunawaingiza uani, Abti aliniinamia akaniambia kwa Kisomali, "Abti, umeona mambo haya? Wote wana afya kunishinda. Mimi mguu, mimi sukari, mimi macho. Mama huyu angenikuta sokoni hangeninunua." Tukacheka wote wawili mpaka kondoo wakashtuka. Leo hii naweza kusema kwamba somo lote la mwaka ule lilikuwa ndani ya mzaha huo, na nililicheka.

Chumba changu kilishikana na chumba cha dawa. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mabati, kwa hiyo kila neno la Daktari nililipata kama limesemwa mezani kwangu. Upande wake palikuwa na sakafu ya saruji, friji ya sola iliyonguruma kama paka, na meza yenye mguu mmoja uliokalia tofali. Upande wangu palikuwa na mkeka, jiko, na kopo la nyirinyiri lililotoka kwa mke wa Abti, tunayemwita Mama Sahara. Nilikuwa natafuna zile nyama kavu nikisikiliza simu za Nairobi. "Kwa panya ilifanya kazi, najua," Daktari alikuwa akisema. "Kwa panya kila kitu hufanya kazi. Kondoo wako karibu zaidi na mtu, lakini bado si mtu." Siku nyingine alisema maneno ambayo niliyaelewa nusu tu: "Shida ni kwamba sisi tunajua saa. Sindano ya ugonjwa saa mbili asubuhi, dawa saa nne. Mgonjwa wa kweli hana ratiba. Anakuja wa siku ya tatu, mzee, ana magonjwa mengine mawili, na hakuna ajuaye ilianza lini." Nilipomuuliza ugonjwa wenyewe ni upi, alikaa nami kwenye ndoo iliyopinduliwa, akanieleza. Vidudu vikiingia kwenye damu, mwili unaamka kupigana, unapigana kwa hasira hadi unajiumiza wenyewe, figo, mapafu, moyo. Watu wengi wanaolazwa katika chumba cha mahututi wameletwa huko na jambo hili. "Tukipata dawa ya kutuliza ile hasira," alisema, "tutakuwa tumefanya kitu, Nimo." Mimi hapo hapo nikajiona niko Elwak, niko Ijara, nimevaa koti jeupe, nagawa dawa.

Kondoo sita walipakwa rangi nyekundu mgongoni na sita rangi ya buluu. Kundi moja lingepewa dawa, jingine maji ya chumvi tu, na barua ya kueleza nani ni nani ilikuwa imefungwa Nairobi. "Hata mimi sijui, na sitaki kujua," Daktari alisema. "Na wewe usijaribu kujua. Walishe, wanyweshe, wasafishie. Zaidi ya hapo usiwaguse." Lakini mimi ndiye niliyeosha vifaa. Niliona kwamba chupa ya wekundu ikitikiswa inatoa povu dogo, na ya buluu haitoi. Maji ya chumvi yatoe povu kwa nini? Nikajua. Na kwa kuwa nilijua, nikaanza kuwapenda wekundu. Niliwapa majina. Mmoja nilimwita Balozi kwa jinsi alivyotembea, mwingine Bwana Harusi, mwingine Kiziwi. Wa buluu sikuwapa majina. Sikukaa nikaamua hivyo, wallahi. Ilitokea tu.

Asubuhi ya kwanza baada ya sindano niliamka kabla ya adhana nikawakuta wote kumi na wawili wamelala chini, pumzi fupi, masikio yamelegea. Sasa, mtu wa nje hawezi kuelewa hali hiyo inatufanyaje sisi. Mimi nimekulia katika ukame. Nilipokuwa na miaka saba kazi yangu na mama asubuhi ilikuwa kuinua mifugo. Mnyama aliyedhoofika akiachwa amelala, hainuki tena, miguu inasahau. Kwa hiyo unamwinua, mkono mmoja chini ya kifua, mwingine penye mkia, unambana katikati ya magoti yako, unamsugua miguu, unamwongelesha, unamtia maji mdomoni kidogo kidogo, mpaka akumbuke kusimama. Ukifika kwa jirani ukakuta ng'ombe wake amelala, huulizi ruhusa, unashika mkia. Basi nilisimama mlangoni nikiwa na taa yangu, nikakumbuka maneno ya Daktari, usiwaguse, na mikono yangu ikawa tayari imeshamshika Balozi. Nikamwinua. Nikamwinua Bwana Harusi. Nikawamaliza wekundu wote sita, jasho linanitoka, na nilipogeuka kuwaendea wa buluu nikasikia gari la Daktari likikata kona. Nikazima taa nikaingia chumbani kwangu.

Alikuja na fomu yake. Swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa, Je, amesimama? Nilimsikia kupitia mabati akihesabu kwa sauti, kisha akahesabu tena. "Nimo!" akaniita. "Njoo uone! Wekundu wamesimama!" Sauti yake ilikuwa ya msichana. Ningesema wakati ule. Nilifungua mdomo. Lakini uso wake ulikuwa unang'aa namna ambayo sijawahi kumwona mtu aliyesoma akinitazama nayo, kana kwamba tumeshinda pamoja, nikasema, "Alhamdulillahi, Daktari." Kesho yake nikaamka nikafanya vile vile, na kesho kutwa. Wa buluu niliwafikia wawili tu. Wa buluu waliobaki, wanne, walikufa. Kati ya wekundu alikufa Kiziwi peke yake, na nilimlilia, halafu nikajiambia kwamba hata hivyo dawa ni dawa, mimi niliisaidia kidogo tu, kama mtu anavyosukuma gari ambalo tayari limewaka. Baada ya siku chache nikasahau kabisa kwamba nilisukuma. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Sikuwa naficha tena. Nilikuwa naamini.

Mwezi haukupita Abti akachomwa na mwiba wa mgunga kisiginoni. Hakuusikia, maana sukari ilikuwa imemuua hisia za mguu. Kisigino kilipoanza kuvimba alifunga kitambaa akaendelea na soko. Jumatatu Mama Sahara alinipigia simu. Nilifika nikamkuta amejifunika blanketi mbili katika joto lile, anatetemeka, anaongea haraka haraka. Mama Sahara alikuwa ameshaita gari. "Tunampeleka hospitali," alisema, huku anatafuta kadi yake ya matibabu chini ya godoro. Na mimi, kwa furaha ya mtu aliyebeba habari njema, nikasema, "Ngojeni! Huu ni ule ugonjwa wa kondoo wetu! Dawa yake ipo kwetu kwenye friji. Nimeiona kwa macho yangu ikiwasimamisha." Abti alichomoa kichwa kutoka kwenye blanketi. Alichukia hospitali, alikuwa na hofu ya kukatwa mguu. "Mmemsikia?" alisema. "Kondoo niliowachagua mimi mwenyewe wamepona, mimi nishindwe? Rudisheni gari. Nangoja dawa ya abti wangu." Mama Sahara alinitazama. "Nimo, una hakika?" Nikasema, "Wallahi nimeona." Gari likarudi.

Daktari alikuwa Nairobi na funguo za friji. Nilimpigia, simu haikupatikana, nikajiambia anarudi Jumatano, na ni heri kuomba uso kwa uso. Siku mbili hizo nililala kwao. Chumba chao kilikuwa na pazia la kijani, na jua likipita humo watu wote tulionekana kama tuko ndani ya chupa. Jumanne asubuhi Abti hakuweza kukaa. Nikamwinua. Mkono mmoja chini ya bega, mwingine kiunoni, nikamwegemeza kwenye mito, nikakaa nyuma yake nimeshikilia mgongo chini ya shuka, na Mama Sahara akamnywesha chai. Alikunywa nusu kikombe. Akatania: "Leo Daktari angeninunua." Jirani mmoja alipoingia kumjulia hali nikasema kwa sauti, "Mnaona? Anakaa! Anakunywa!" Jirani akasema mashallah. Mama Sahara akasema mashallah. Mimi mkono wangu ulikuwa unahisi uzito wote wa mgongo ule, hakuna hata kidogo alichokuwa akijibebea mwenyewe, mgongo una moto kama sufuria, na bado nikaamini maneno ya mdomo wangu kuliko mkono wangu. Mchana nilienda kuwalisha kondoo nikarudi, nikamkuta bado amekaa, nikazidi kufurahi.

Jumatano Daktari alishuka garini nikamwambia yote mara moja, mguu, baridi, siku mbili, chupa ya povu. Nilidhani atakimbilia friji. Alishika mabega yangu. "Siku mbili? Nimo, siku mbili yuko nyumbani?" Nikasema, "Lakini Daktari, dawa." Akapiga kelele, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akipiga kelele: "Hiyo si dawa ya mtu! Hakuna binadamu aliyewahi kupewa! Wale ni kondoo wa mwaka mmoja, wazima, tuliwagonjwesha wenyewe tukiwa na saa mkononi! Mjomba wako ana miaka sitini na sukari! Ingia garini!" Tulimbeba Abti kwenye kiti cha nyuma. Njiani hakutania.

Hospitalini walifanya kila walichoweza, nitasema hivyo mbele ya yeyote. Walimtia dawa za mishipani, maji, oksijeni, wakasafisha kile kidonda, wakamwingiza chumba cha mahututi. Daktari wa zamu, kijana mpole, alituambia pale kwenye benchi, "Maambukizi yameingia kwenye damu na figo zimechoka. Angefika Jumatatu tungekuwa na nafasi nzuri zaidi." Alisema tu kama mtu anayeeleza njia. Hakujua anamwambia nani. Waliniruhusu niingie dakika chache. Alikuwa amelala chali, mashine inampumulia, na mimi kichwa changu kikawa na wazo moja tu, kwamba amelala mno, miguu itasahau. Nikaingiza mkono chini ya bega lake. Muuguzi, mama wa makamo kutoka bara, akanishika kifundo cha mkono. "Dada, muache," alisema. "Muache alale. Hapa hatumwinui mtu." Alifariki Ijumaa kabla ya swala.

Nilipomaliza kunawa uso kwenye pipa nilirudi mbele. Daktari alikuwa bado anangoja, chai imeingia utando. Nywele zake zimeota mvi. Nikakaa, nikaweka mikono yangu yote miwili juu ya meza, nikasema, "Niliwainua." Hakuelewa. Nikamwonyesha hewani, kifua, mkia, magoti. Nikamwambia kuhusu povu, taa, na gari lake lililokata kona. Dalali mmoja aliita chai, nikamwambia jihudumie. Daktari alisogeza kikombe kando. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo hatukuwa tunaipima dawa. Tulikuwa tunakupima wewe." Akatoa daftari kwenye mkoba. "Niambie wangapi." Nikaanza kuwataja kwa majina, Balozi, Bwana Harusi, na yeye akiandika na kupigia mstari, na niliposema Kiziwi nikajifuta macho kwa leso, si kwa ajili ya kondoo. Akafunga daftari. "Miaka tisa, Nimo. Kuna watu walikesha juu ya namba zile." Nikasema najua. Akasema, "Ndiyo. Na kulikuwa na mzee mmoja." Nikasema najua. Alilipa chai yake kama mteja mwingine yeyote, lakini alipoondoka alinigusa shavu.

Jioni ile ile nilifunga kibanda mapema nikaenda kwa Mama Sahara. Miaka yote hii hajawahi kunilaumu. Kila Idi ananiletea sinia, kila nikimtembelea ananikalisha pale pale, chini ya pazia la kijani ambalo sasa limepauka, na kusema siku za Abti zilikuwa zimefika, na kila akisema hivyo mimi natamani anipige kofi. Nilimkuta anachambua mchele. Sikungoja salamu ziishe. Nilimwambia kwamba kondoo hawakusimama wenyewe, niliwasimamisha mimi. Nilimwambia kwamba Abti naye hakukaa mwenyewe, ule mkono ulikuwa wangu, chini ya shuka, na nilijua uzito, na nikawaambia watu anakaa, na ndiyo maana gari halikuitwa tena Jumanne. Nilisema yote nikiangalia mchele.

Aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe moja, akaliweka kando, akatoa jingine.

"Mkono wako niliuona," alisema. "Shuka ilikuwa nyembamba, Nimo."

Nikamuuliza, mbona hukusema?

Aliweka ungo chini. Akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu, viganja juu, mikono ya mama mzee sasa.

"Mchana ule ulipoenda kuwalisha kondoo wako," alisema, "ulimwacha amekaa. Ukarudi ukamkuta amekaa. Wewe ulidhani nani alikuwa amemshika?"